Nyumba ya mawe ya Alps: usianze na joto, anza na maji

Hebu fikiria umepata nyumba ya zamani ya mawe huko Ticino, kusini mwa Uswisi, na unataka kuishi humo hata wakati wa theluji. Kuta zina unene wa sentimita 60. Baridi itapita wapi?

Itapita hapo hapo ukutani. Jiwe hutunza joto, lakini pia hulipitisha kwa urahisi. Ukuta wa graniti wa sentimita 60 huzuia joto karibu sawa na sentimita 1 tu ya pamba ya nyuzi za kioo!

Basi wengi hubandika kihami joto kwa ndani, ili mawe ya nje yaendelee kuonekana. Hapo ndipo shida inapoanza. Joto la chumbani likizuiwa, jiwe lililo nyuma ya kihami linazidi kuwa baridi. Sasa hewa ya nyuzi joto 20 yenye unyevu wa asilimia 50 ikipenya na kugusa jiwe lililo chini ya nyuzi 9 hivi, mvuke wake unageuka maji. Si unajua chupa ya soda ikitoka kwenye friji inavyotoa jasho? Ni kitu kile kile, ila huku huoni. Ncha za boriti za sakafu zimeingia ndani ya ukuta huo. Zikikaa na maji miaka mingi, kuvu huzila kimyakimya.

Na lipu ya simenti kwa nje? Mvua huingia kwenye nyufa zake, halafu haitoki kirahisi. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na lipu inabanduka. Chokaa huacha mvuke utoke. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanalijua hili: kuta zao za matumbawe na chokaa nazo huteswa na simenti, japo kule hakuna barafu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza ziba paa linalovuja na elekeza maji ya ardhini mbali na msingi. Pili, tumia chokaa. Tatu, chagua kihami kinachoweza kunyonya unyevu na kuuachia, kama mbao za nyuzi za miti, ukibandike bila kuacha nafasi nyuma yake. Mwisho, weka njia ya hewa, maana madirisha mapya hayavuji, na mvuke wa jikoni na bafuni lazima utoke.

Fundi akikuuliza unataka kihami cha unene gani, wewe muulize kwanza: maji yatatokea wapi?