Kitabu cha Bilali, Ardhi ya Wajukuu Wake na Mlango wa Shuf'a



Wanafunzi wa fiqhi wanaijua Risala ya Imamu Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imamu Malik aliyefariki mwaka 386 H (996). Afrika Magharibi kijana hupewa kitabu hiki mapema, kama vile huku kwetu kijana anavyoanzishwa Safinat an-Najaa. Wachache wanajua kwamba sehemu ya Risala iliandikwa kwa mkono, kwa wino na kwa kumbukumbu, katika kisiwa cha Sapelo kwenye pwani ya jimbo la Georgia, Kusini mwa Marekani. Aliyeiandika alikuwa mtumwa.

Jina lake ni Bilali Muhammad. Kwao ni Timbo katika Futa Jallon, nchi ambayo leo ni Guinea, na ni dhahiri kuwa alikwisha soma kabla ya kukamatwa. Alipitishwa visiwa vya Bahamas, na mwanzoni mwa karne ya 19 akanunuliwa na Thomas Spalding, tajiri wa Sapelo, ambaye alimfanya msimamizi wa watumwa wenzake. Aliacha kijitabu cha kurasa 13 kwa herufi za Kiarabu. Kwa muda mrefu watu walidhani ni shajara ya maisha yake. Mwaka 1939 mtaalamu wa lugha Joseph Greenberg aliwaonyesha wanavyuoni wa Kihausa, Kaskazini ya Nigeria, nao wakakitambua: ni vipande vya Risala, mambo ya udhu, adhana na Sala. Makosa ya uandishi ni mengi na mahali pengine hapasomeki. Hilo halishangazi kwa mtu aliyeandika mbali na mwalimu, mbali na nakala, na mbali na mwanafunzi mwenzake wa kumsahihisha. Kijitabu hicho sasa kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Georgia.

Tunamtaja Bilali kwa sababu suala la makala hii, yaani wageni wanapoingia katika nchi ya watu na kuibadilisha, linaanzia kwake. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni Sapelo, tena mgeni wa kuletwa kwa minyororo. Watu wanaoitwa leo wenyeji wa visiwa hivyo, yaani watu wa Gullah-Geechee, ni kizazi cha wageni wa namna yake waliotoka makabila mbalimbali ya Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Walichanganyika wakawa kaumu moja yenye lugha yake, mapishi yake ya mchele na nyimbo zake za dini. Mwaka 1949 Lorenzo Dow Turner alichapisha kitabu kizima kuonyesha maneno ya Kiafrika yaliyobaki katika lugha yao. Kwa Muislamu lipo moja la kutazamwa. Wazee wa Sapelo waliohojiwa katika miaka ya 1930 walieleza kwamba bibi zao walipika mikate midogo ya mchele wakawagawia watoto, nao wakaiita "saraka". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba hiyo ni sadaka. Wajukuu hao walikuwa Wakristo wa kanisa la Baptist, na bado walimkumbuka Bilali na mkewe Phoebe wakisali jua linapochomoza, wakiwa na tasbihi mikononi.

Basi utamaduni huu ulistahimili utumwa, ukastahimili pia kubadilika kwa dini. Je, umestahimili wageni wa zama hizi?

Marekani wanaposema "Kusini" wanakusudia zaidi yale majimbo 11 yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861 kwa ajili ya kuutetea utumwa. Baina ya mwaka 1910 na 1970 watu weusi wapatao milioni 6 waliyahama kukimbia dhulma na ufukara. Tangu miaka ya 1970 mkondo umegeuka. Viwanda na ofisi zimehamia Kusini, mashine za ubaridi zimeyafanya majira ya joto yavumilike, kodi ni nafuu, na watu wa Kaskazini na wa Magharibi wamemiminika, pamoja na wahamiaji wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Wenyeji hulalamika kuwa lafudhi yao inapotea, nao hawasemi uongo. Utafiti uliotangazwa Georgia mwaka 2023 ulionyesha lafudhi ya wazungu wa jimbo hilo ikififia kizazi baada ya kizazi. Hali kama hiyo imeonekana Raleigh, North Carolina, mji ambao makampuni ya teknolojia yaliuletea wageni wengi kuanzia miaka ya 1960.

Lakini mimi sioni kuwa lafudhi ndiyo msiba. Lugha hubadilika, na mapishi huchanganyika. Nani katika sisi watu wa Pwani atakayesimama kuapa kwamba chapati na biriani vilikuwa vyake tangu Nabii Nuh (A.S.)? Jamii hupokea mgeni wa lugha na mgeni wa chakula ikabaki yenyewe. Asiyepokeleka kwa wepisi ni mgeni anayeingia kwa mlango wa ardhi, kwani huyo hakai pamoja na wenyeji bali hukaa mahali pao. Visiwa vya akina Bilali ni ushahidi wa hilo.

Mwezi wa Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea mwisho, Jenerali Sherman alitoa amri ya kuwatengea watu weusi walioachwa huru ardhi ya pwani na visiwa kuanzia Charleston hadi mto St. Johns wa Florida. Kabla ya mwaka huo kwisha Rais Andrew Johnson aliwarudishia ardhi hiyo mabwana wa zamani. Watu wakajinunulia wenyewe, kidogo kidogo. Hapo Sapelo, mwaka 1871, walinunua ekari zipatazo 1,000 mahali paitwapo Raccoon Bluff. Karne ya 20 ikaja na matajiri kutoka nje: kwanza Howard Coffin, mwenye viwanda vya magari kutoka Detroit, aliyenunua sehemu kubwa ya kisiwa mwaka 1912, kisha R. J. Reynolds, mrithi wa mali ya tumbaku kutoka North Carolina, mwaka 1934. Huyu wa pili aliwaondoa wenyeji katika vijiji vyao na kuwakusanya katika kijiji kimoja, Hog Hammock, chenye ekari zaidi kidogo ya 400 katika kisiwa cha ekari zipatazo 16,500. Baada ya kifo chake serikali ya jimbo ndiyo iliyonunua sehemu kubwa iliyobaki.

Jirani yao, kisiwa cha Hilton Head katika jimbo la South Carolina, walipata daraja mwaka 1956. Kabla ya daraja wakazi wake wengi walikuwa watu weusi, wavuvi na wakulima. Baada yake vikaja viwanja vya gofu, mahoteli na mitaa yenye mageti, na sensa ya 2020 ilihesabu wakazi zaidi ya 37,000, wengi wao wazungu waliotoka majimbo mengine. Baadhi ya makaburi ya wenyeji yamebakia ndani ya mageti hayo, na mjukuu anayetaka kumzuru babu yake huomba ruhusa kwa mlinzi. La ajabu zaidi, mitaa hiyo ya kifahari imepewa majina ya "plantation", neno la mashamba yale yale ya watumwa.

Je, ardhi ilitokaje mikononi mwao? Sehemu moja iliuzwa kwa hiari, na sehemu ilipotea kwa kodi, kwa kuwa thamani ya viwanja hupanda kila jumba jipya linapojengwa na kodi hupanda nayo. Sehemu kubwa, hata hivyo, ilitoka kwa njia ambayo mwanafunzi wa mirathi ataifahamu mara moja. Wazee wa visiwa hawakuandika wosia. Mahakama zilikuwa za wazungu, na mawakili walikuwa ghali na hawaaminiki. Mtu akifa, warithi wake wote humiliki shamba kwa pamoja bila ya kugawana. Hao nao wakifa, hisa huteremka kwa watoto wao, mpaka shamba moja likawa na warithi makumi, mmoja yuko Savannah, mwingine New York, na mwingine hajawahi kukiona kisiwa. Familia nyingi za Pwani yetu zina shamba la namna hii hii, la babu ambaye mirathi yake haijagawanywa mpaka leo.

Sheria ya Marekani humruhusu kila mshirika, hata mwenye hisa ndogo sana, kuiuza hisa yake kwa amtakaye, na humruhusu mshirika yeyote kwenda mahakamani kudai mgawanyo. Mahakama ikiona shamba haligawanyiki vizuri, huamuru liuzwe lote. Basi mfanyabiashara wa viwanja humtafuta mrithi wa mbali mwenye shida ya fedha, humnunulia hisa yake, na siku ya pili yeye ni mshirika. Siku ya tatu anadai mnada. Warithi waliozaliwa hapo hawana fedha za kushindana naye, na shamba la ukoo huenda kwa bei ndogo. Wizara ya Kilimo ya Marekani imelitaja jambo hili kuwa sababu kubwa kabisa ya watu weusi kupoteza ardhi bila ya hiari yao.

Hapa ndipo panaporudi kitabu cha Bilali, au tuseme mlango ambao haumo katika kurasa zake 13. Ndani ya Risala, baada ya milango ya biashara, upo mlango wa shuf'a, na wanafunzi wasiichanganye na shufaa ya Siku ya Kiyama ingawa mzizi wa neno ni mmoja. Shuf'a ni haki ya mshirika katika mali isiyogawanywa: mwenzake akimuuzia hisa mtu wa nje, mshirika anaweza kuichukua hisa hiyo kutoka kwa mnunuzi kwa bei ile ile aliyoitoa. Asili yake ni Hadithi ya Jabir bin Abdillah (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu shuf'a katika kisichogawanywa, na kwamba mipaka ikishawekwa na njia zikishatenganishwa haiko tena. Katika mapokezi ya Muslim mna pia kwamba mwenye hisa asiuze kabla ya kumjulisha mwenziwe.

Tazama jinsi hukumu hii ilivyowekwa. Haimkatazi mtu kuuza, na muuzaji hapotezi hata senti moja, kwani bei yake anaipata kamili. Wala haimtukani mgeni. Inachofanya ni kuwapa waliomo ndani nafasi ya kwanza wakati ule ule mgeni anapoingia. Maulamaa walieleza hekima yake kuwa ni kuondoa dhara la mshirika mpya. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Maliki na Hanbali mshirika anaweza kudai kitu kisichogawanyika kiuzwe chote, lakini mfanyabiashara wetu angekuwa amekwisha zuiwa hatua moja kabla, mlangoni.

Risala ina jambo jingine linalowahusu hasa watu waliotawanyika. Kwa aliyepo, haki hii haidumu zaidi ya mwaka, ama asiyekuwepo hubaki na haki yake hata kama safari yake imekuwa ndefu. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tunamtaka mshirika adai mara tu apatapo habari, na hilo ni zito zaidi.

Marekani wenyewe wameikaribia njia hii. Mwaka 2010 iliandikwa sheria ya mfano kuhusu mali ya warithi, Georgia ikaipitisha mwaka 2012 na South Carolina mwaka 2016. Kwa sheria hiyo, mshirika akidai shamba liuzwe, mahakama hulithamini kwanza na kuwapa washirika wengine siku 45 za kuamua kama watainunua hisa yake. Mahakama pia hutakiwa kutazama ardhi hiyo ina maana gani kwa ukoo. Ni ahueni kubwa. Tofauti yake na shuf'a ni kwamba mlango unafungwa baada ya mgeni kwisha ingia na kufika mahakamani.

Hog Hammock ina tatizo la ziada, nalo ni kwamba viwanja vingi vimekwisha tengana. Kwa kauli ya Maliki na Shafi, hapo shuf'a imekwisha. Mahanafi ndio wanaoiendeleza mpaka kwa jirani aliyepakana, wakimtanguliza mshirika, kisha wanaoshiriki njia au maji. Ukiisoma khitilafu hii ukiwa darasani huenda ukaiona ni ya vitabuni tu. Mwezi wa Septemba 2023 wakubwa wa wilaya ya McIntosh walibadilisha kanuni za ujenzi za Hog Hammock, nyumba zikaruhusiwa kutoka futi za mraba 1,400 hadi 3,000, yaani ukubwa wa nyumba za mapumziko za matajiri. Wenyeji, ambao hawafiki hata mia, walikusanya saini za wapiga kura wa wilaya ili jambo hilo lipigiwe kura. Walizuiwa mahakamani, mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Georgia ilipowapa haki hiyo Septemba 2025. Katikati ya mvutano huo, Oktoba 2024, daraja la kupandia kivuko lilivunjika siku ya sherehe ya utamaduni wao na watu 7 wakafariki.

Shuf'a nayo ina mpaka wake, kwa kuwa anayeidai lazima aweze kulipa, na akishindwa haki yake huanguka. Mrithi maskini mbele ya bei ya tajiri hasaidiwi sana na haki ya kununua. Katika mlango ule ule wa Risala, maneno machache baada ya shuf'a, inafuata hukumu ya hubusi, yaani wakfu: ardhi inayotolewa katika soko kabisa, haiuzwi wala hairithiwi, na manufaa yake huwaendea waliotajwa na mwekaji. Huko Charleston tangu 2005 kipo kituo kinachowasaidia warithi kuzipatia ardhi zao hati safi, ili waweze kuandika wosia kabla mfanyabiashara hajamfikia yule ndugu wa mbali. Wallahu aalam.