Sauti za Breki: Ipi ni ya Kawaida, Ipi ni ya Hatari

Katika barabara ya kutoka Kabale hadi Kisoro, na kutoka hapo kwenda mipaka ya Cyanika na Bunagana, tunakutana na magari mengi ya miaka ya karibuni ambayo wenyewe huamini kuwa upya wa gari ni dhamana ya breki. Gari likitoa sauti, mmoja hukimbilia kwa fundi na kulipia vipuri asivyovihitaji. Mwingine huongeza sauti ya redio. Huyo wa pili ndiye anayetutia hofu.

Si kila sauti ni ugonjwa. Gari lililolala nje penye mvua hukwaruza asubuhi kwa sababu diski zimeshika kutu nyepesi. Ukikanyaga breki mara chache, kutu hiyo hufutika. Vilevile, mlio mfupi wa mashine gari linapoanza kuondoka huenda ukawa ni mfumo wa ABS unaojipima wenyewe. Mfumo huu huzuia magurudumu yasigande dereva anapofunga breki kwa ghafla. Unapofanya kazi hiyo, kanyagio hutetemeka na kunguruma chini ya mguu. Dereva asiyejua hushtuka, akaondoa mguu, na gari likaendelea kwenda mbele wakati ule ule alipohitaji kusimama. Ndugu dereva, usiondoe mguu: kandamiza kwa nguvu na uongoze usukani.

Mluzi mwembamba unaosikika kila ukanyagapo breki ni jambo jingine. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kigusane na diski pedi inapokaribia kwisha. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikifikia 3, ibadilishwe. Mwombe fundi akague pedi ya ndani pia, kwa kuwa ile ya nje huonekana nzima ilhali mwenzake amekwisha. Usipousikiliza mluzi, utafuata mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, na hapo safari iishe. Ni kweli kwamba hata kokoto ya barabara ya murram, ikinasa kati ya diski na bati la kinga, hutoa kelele ya kutisha. Lakini jambo hilo huthibitishwa gurudumu likiwa limefunguliwa, wala si kwa kubahatisha.

Hitilafu mbaya kuliko zote haina sauti. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Dereva anayeteremka Kanaba mguu ukiwa juu ya breki muda wote huzipasha moto, mafuta yakachemka, na kanyagio likazama bila kushika. Kwa hiyo teremka kwa gia ndogo, hata kama gari ni la otomatiki, na ubadilishe mafuta hayo kila baada ya miaka 2 hivi. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama na uache breki zipoe. Usimwagie maji diski zenye moto, maana zaweza kupinda au kupasuka.

Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, kwa kawaida breki bado zinashika, ila msaada ule wa mfumo haupo. Nenda polepole kwa fundi. Taa nyekundu ikibaki imewaka ilhali breki ya mkono umeishusha, usiendelee na safari.

Anayesimama na kumweleza askari wa barabarani kwamba breki zake zina shaka hatendi kosa. Atendaye kosa ni yule ajuaye na kupakia abiria. Weka pembetatu za tahadhari nyuma ya gari, na ukiwa umekwisha kuvuka kuingia Rwanda au Kongo, kumbuka kuegesha upande wa kulia.