Fahamu: Udaktari wa moja kwa moja Marekani, uombe sasa au usubiri?

Tanzania, anayefaulu kidato cha sita huweza kuingia udaktari moja kwa moja: miaka 5 chuoni, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Marekani sivyo. Wengi husoma shahada ya kwanza miaka 4, hufanya mtihani wa MCAT, ndipo huomba chuo cha udaktari, miaka 4 mingine.

Programu za pamoja humpa mwanafunzi nafasi zote mbili, ya shahada ya kwanza na ya udaktari, akiwa bado sekondari. Ile ya Chuo Kikuu cha Brown, PLME, ni ya miaka 8 na haidai MCAT. Ya University of Missouri-Kansas City, iliyoanza 1971, ni miaka 6. Nafasi ni chache mno.

Kwangu, faida kubwa ni utulivu: katika programu kama PLME unasoma historia au muziki bila kuhofia MCAT. Lakini miaka 17 ni umri mdogo wa kujifunga. Kama hujawahi kumuuguza mtu, hata bibi yako nyumbani, usikimbilie. Soma masharti pia. Alama zikishuka, nafasi yaweza kupotea.

Wazazi, kabla ya kujaza fomu, muulizeni mtoto anachotaka yeye.