Kahawa ya Kutafunwa Karagwe
Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ikiwamo kata ya Rugu, kahawa ya robusta hulimwa katikati ya migomba, lakini baraza la kahawa kama la pwani, ambako wanaume hunywa kahawa chungu kwa kashata hadi usiku, si desturi ya asili huko. Badala yake, mkoani Kagera, zilipo wilaya hizo, mgeni hukaribishwa kwa akamwani, yaani matunda ya kahawa yaliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha yakakaushwa; hupewa machache kiganjani, akayatafuna polepole huku mazungumzo yakiendelea. Zamani Wahaya wa mkoa huo, na Waganda vilevile, waliitumia kahawa hata kufunga udugu wa damu: kwa kuwa tunda moja huwa na punje mbili, kila mmoja alimeza punje iliyopakwa damu ya mwenzake.