Jiko la Kupanda Nalo Mlima: Kikundi Kichague Lipi?

Vikundi vingi vilivyo chini ya Mlima Kenya, pande za Naro Moru, Sirimon na Chogoria, vina wanachama ambao kazi yao ni kubeba mizigo ya wageni na kuwapikia. Wengine ni vijana wetu wanaopanda na wenzao wa shule au wa parokia. Siku hizi baadhi ya vikundi vinataka kununua majiko madogo na sufuria, vitumiwe na wanachama na pia vikodishwe. Ni wazo zuri. Lakini pesa za kikundi ni jasho la watu wengi, na jiko baya mlimani linaweza kuua mtu. Kwa hivyo tukae chini tufikirie pamoja kabla ya kutoa pesa.

Kwanza tukubaliane juu ya jambo moja. Kuni hazifai kule juu. Katika mbuga ya Mlima Kenya moto wa wazi umekatazwa, na sababu zinaonekana. Mwezi wa Machi 2012 moto mkubwa uliteketeza msitu na nyasi za mlima huu. Jirani zetu wa Tanzania nao waliona yao Oktoba 2020, moto ulipozuka Kilimanjaro karibu na mahali panapoitwa Whona. Taarifa za kwanza za wakuu wa hifadhi zilisema ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Nyasi zikikauka, cheche moja inatosha. Na msitu huo ndio unaotupa maji ya mashambani.

Sasa, jiko gani?

1. Anza na mafuta, si jiko

Watu wengi wakiingia dukani huangalia jiko linalong'aa. Hilo ni kosa. Uliza kwanza: mafuta yake yatapatikana wapi, na kwa bei gani?

Jiko la mafuta ya taa la kupiga pampu ni rafiki wa zamani. Lilibuniwa Uswidi mwaka wa 1892 na Frans Lindqvist, na jina lake la biashara, Primus, likawa jina la jiko lenyewe. Mafuta ya taa hupatikana hata kwenye kituo kidogo cha barabarani. Baridi haliwezi. Linasimama imara. Ubaya wake: lina kilo moja na zaidi, linataka kupashwa kwanza ndipo liwake, na tundu lake huziba. Mpishi akae na sindano ya kuzibulia, na washa ya ngozi ya pampu ipakwe mafuta isikauke.

Jiko dogo la gesi huwekwa juu ya kopo la gesi. Jiko lenyewe linaweza kuwa na gramu 100 tu, linatoshea mfukoni, na linawaka mara moja. Lakini makopo hayo huwezi kuyapata katika kila duka la kijijini. Mengi hutoka Nairobi. Wageni nao hawaruhusiwi kusafiri nayo kwenye ndege, kwa hivyo hufika na jiko bila gesi. Kikundi chenye makopo tayari kinaweza kuwauzia. Angalieni aina mbili: kopo lenye uzi wa skrubu unaweza kulifungua kutoka kwa jiko na kulibeba kando. Lile la kutobolewa likishatobolewa lazima libaki pale mpaka gesi iishe. La skrubu ni bora.

Jiko la spiriti ni jepesi na rahisi sana, halina cha kuharibika. Lakini spiriti ina nguvu ndogo, karibu nusu ya nguvu ya gesi kwa uzito uleule. Kwa mtu mmoja wa usiku mmoja ni sawa. Kwa watu sita utabeba chupa nyingi. Tena moto wake hauonekani vizuri mchana. Mtu hudhani umezimika, anaongeza spiriti, na mkono unaungua. Usiongeze kamwe mpaka jiko lipoe.

Na meko ya kilo 6 tuliyo nayo nyumbani? Hiyo ibaki nyumbani. Chuma chake kitupu kinakaribia uzito wa gesi yenyewe, au hata kuuzidi. Utambebesha mwenzako kilo 12 au zaidi kwa ajili ya chai.

2. Pimeni mzigo wote pamoja

Jiko jepesi lenye mafuta mazito ni mzigo uleule. Hebu tupige hesabu ya watu sita kwa siku 4. Tuseme kila mmoja anahitaji lita 3 za maji ya moto kwa siku, za chai, uji, chakula na kunywa. Hizo ni lita 18. Pasipo upepo, jiko zuri la gesi hutumia gramu 15 hivi kuchemsha lita moja ya maji baridi. Hiyo ni gramu 270. Ongezeni ya upepo na ya kuivisha chakula, wekeni gramu 400 kwa siku. Siku 4 ni gramu 1,600. Kwa makopo ya gramu 230 za gesi, ni makopo 7. Kila kopo tupu lina gramu 150 hivi, basi mzigo wote unafika karibu kilo 2 na robo tatu.

Kwa mafuta ya taa mtahitaji kama lita 3. Pamoja na jiko na mtungi wa plastiki, ni kilo 4 hivi. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani, na bei ya mafuta huenda ikawafaa zaidi. Kikundi kiamue chenyewe kikiwa na hesabu mkononi.

3. Baridi, upepo na kimo

Gesi ya butani haigeuki mvuke baridi linaposhuka chini ya sufuri, na usiku kule Shipton au Mackinder, kwenye mita 4,200 hivi, maji huganda. Mpishi anaamka alfajiri, gesi imo koponi lakini moto hautoki. Nunueni makopo yenye mchanganyiko wa propani, na usiku kopo lilale ndani ya blanketi. Msilipashe kopo motoni hata siku moja!

Upepo hula mafuta kuliko sufuria. Jengeni kikingio cha mawe au bati upande upepo unakotoka. Lakini kopo la gesi lisizungushiwe bati pande zote, maana litapata moto na kulipuka.

Jambo la tatu huwashangaza wengi. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi ni kama nyuzi 94. Kule mita 4,200 ni kama nyuzi 86 tu. Maji yanatokota, lakini si moto wa kuivisha maharagwe. Mtamaliza gesi yote na maharagwe yawe magumu vilevile. Githeri na ndengu ziive nyumbani, ziliwe siku ya kwanza. Mbele bebeni unga, omena, chapati zilizopikwa tayari, na vitu vinavyoiva upesi.

4. Sufuria

Sufuria zetu za alumini za sokoni si za kudharauliwa. Chuma cha pua, kwa ukubwa uleule, ni kizito karibu mara tatu. Alumini husambaza moto vizuri, kwa hivyo uji hauungui haraka. Wageni huja na vyombo vya titani. Ni imara na vyembamba sana, lakini ni ghali, na moto hukaa mahali pamoja. Ni vya kuchemshia maji, si vya kupikia ugali.

Chagueni sufuria mbili au tatu zinazoingiana, zenye kitako kipana na mifuniko inayofunika vizuri. Mfuniko ni mafuta ya bure. Kwa kuwa sufuria zetu hazina mikono, bebeni koleo la kuzishikia.

Na hapa kuna jaribio ambalo muuza duka hatawaambia: ugali. Jiko dogo lililokaa juu ya kopo ni kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Ukianza kusonga na mwiko, sufuria inaanguka na chakula cha watu sita kinamwagika. Kama ugali ndio chakula chenu, nunueni jiko lenye miguu mipana, lililounganishwa na kopo kwa mpira, au lile la pampu. La juu ya kopo liwe la chai tu.

5. Jambo la uhai

Hili msomeeni hata asiyejua kusoma. Kila jiko linalowaka hutoa hewa ya sumu, na jiko la makaa ndilo baya zaidi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Mtu akiwasha jiko ndani ya hema lililofungwa kwa sababu ya baridi, anaweza kulala asiamke.

Tena mlimani kuna mtego. Dalili za sumu hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Hizo ndizo dalili za ugonjwa wa kimo pia. Wenzake watasema, "Ni mlima tu, mwache alale." Mtu akiumwa hivyo na kuna jiko karibu, zimeni jiko na mtoeni nje mara moja. Asipopata nafuu, ashushwe chini, hata kama ni usiku. Pikeni nje, au mlangoni pa hema likiwa wazi. Makaa yasiingie kabisa mahali pa kulala.

Kabla ya kulipa

Ombeni kulijaribu jiko. Chemsheni lita moja nje penye upepo, mkitazama saa. Pimeni kopo au chupa kwa mizani ya duka kabla na baada. Songeni ugali juu yake. Likipita hayo, linunuliwe, na kiwepo kitabu cha kuandika nani amelichukua, lini, na limerudi likiwaje.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Mafuta gani tunaweza kuyapata karibu nasi mwaka mzima?
- Mwanachama anayebeba jiko hili ameulizwa maoni yake?
- Nani atawafundisha wanaokodi kwamba jiko haliwashwi ndani ya hema?