Amepata 63: arudilie ao aende?

Huku Mbau, siku matokeo ya Examen d'État yanatoka, hauna haja ya kuuliza nani amepita. Unaangalia kichwa. Mwenye kichwa cheupe kwa poudre amepita. Simu inalia, asilimia iko pale, mama anapiga kigelegele, vijana wanashika barabara ya Oicha na nyimbo. Kisha siku mbili, poudre imeoshwa, maswali yanaanza.

Kijana mmoja, mtoto wa mwenzetu wa shimo, alipata 63. Kupita inaomba 50 tu. Wengi wetu wenye diploma tulipita na 51 ao 52 na tukamshukuru Mungu. Lakini yeye alikuja kwenye kikao cha chama chetu cha wachimbaji, uso umekunjwa: "Bapapa, miye nilitaka 70. Nirudilie, ao niende na hii?"

Tulicheka kwanza. Hatukufanya vizuri, juu swali lake liko na akili ndani. Asilimia inabaki kwenye diploma maisha yote. Mtu wa 63 na mtu wa 78 wakiomba bourse moja, tunajua nani ataitwa. Hata ule mpango Excellentia wa Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi unatafuta wale wa juu kabisa katika nchi nzima. Na huyu anataka kuwa munganga. Baba yake hana rafiki Kinshasa, ana nyundo na karai. Kwa mtoto kama huyo, asilimia ndiyo mjomba wake.

Lakini kurudilia si kama kurudi sokoni kuchukua chumvi uliyosahau. Mtihani huu uko vile: hauwezi kurudilia hesabu peke yake. Unaanza tena na dissertation na Kifaransa cha mdomo, kisha zile siku ine: culture générale, sayansi, lugha, na masomo ya option. Ni kukaa tena mwaka wa sita pamoja na wadogo zako, ao kujiandikisha kama autodidacte, na frais unalipa tena. Na ile 63 haikusindikizi. Mmoja wetu katika komite alirudilia zamani, akitafuta zaidi, akatoka na kidogo kuliko ya kwanza. Mpaka leo hapendi tuongee ile habari. (Atusamehe.)

Tena, kwetu mwaka mmoja si mwaka mmoja. Tangu Octoba 2014 mauaji yalipoanza upande huu wa Beni, tumeona masomo yakifungwa, na watoto wa Mbau wakimaliza darasa zao kama wakimbizi huko Oicha na Beni mjini. Ukisema "nitarudilia mwaka kesho", unasema kwamba mwaka kesho darasa litakuwa wazi, barabara itapitika, na wewe utakuwa mzima. Huko Kinshasa labda hawahesabu hivyo. Sisi tunahesabu.

Tulikuwa bado tunabishana wakati kijana alisema: "Nikingojea, nitaenda na baba kuchimba, nipate frais."

Hapo kikao kilinyamaza. Ingieni kambi yoyote ya wachimba zahabu tunayoijua, njia ya Biakato ao upande wa Mangurejipa. Ulizeni diploma. Zitatoka ndani ya sachet, zimefungwa pamoja na kadi ya uchaguzi. Hakuna aliyekuja kubaki. Kila mtu alikuja kwa vakansi, kwa miezi mitatu, kutafuta minerval. Sisi wenyewe tulisema hivyo. Kisha shimo linakupa kidogo, unanunua simu, unaoa, mtoto anazaliwa, na ile diploma unaianika jua likitoka, isiliwe na unyevu.

Basi tulimwambia: kabla ya kukataa 63, kwanza uone mlango gani imekataa. Panda moto, uende uulize mwenyewe. Butembo kuna Université Catholique du Graben tangu 1989, na faculté ya médecine iko pale. Kuna nyingine pia, na Beni vilevile. Tulimwambia mama yake ahesabu pesa ya kakao, bila kuuza shamba. Ile kakao, wasomaji wa mbali wajue, bei yake ilipanda sana duniani mu 2024, lakini kuivuna huku ni kuingia pori ambamo watu wanauawa wakivuna.

Alirudi kisha siku tatu na vumbi mpaka kwenye kope. Mahali alipouliza walimwambia 63 inatosha kuweka dosie, kisha kuna test ya kuingia. Alisoma kwa taa ya simu wiki mbili. Amejiandikisha.

Kuhusu 70, alisema ataitafuta huko mu mwaka wa kwanza. Baba yake hakusema neno. Nafasi aliyomwekea kijana kwenye shimo imechukuliwa na mwingine, wa miaka 19. Yeye alipata 54.