Programu ngeni ndani ya simu yako: nani kaikagua?

Hebu tuseme uko Kerende, wilayani Tarime. Umeuza magunia mawili ya mahindi, mnunuzi kakulipa kwa simu, na hela yote imekaa kwenye laini. Jioni rafiki anakurushia programu ya mikopo kwa WhatsApp. Unaiweka. Kuanzia hapo, maelfu ya maagizo yaliyoandikwa na mtu usiyemjua yanafanya kazi ndani ya simu ileile unayoandikia namba ya siri. Utajuaje kwamba hayavujishi kitu?

Ukipiga *150*00# ya M-Pesa, kazi kubwa inafanyika kwenye mitambo ya kampuni. Simu janja ni tofauti: programu yenyewe inasafiri mpaka mfukoni mwako. Ndiyo maana watafiti wa vyuo vikuu waligeukia nadharia ya aina, ambayo Bertrand Russell aliiandikia mwaka 1908, kabla kompyuta hazijakuwepo.

Wazo lake ni rahisi. Kila kitu kina aina yake, na kila kazi inapokea aina fulani tu. Kwa mashine, salio lako na namba yako ya siri zote ni tarakimu tu. Sasa tuzibandike alama: salio ni "wazi", namba ya siri ni "siri". Kanuni: kitu cha siri kisiingie mahali pa wazi. Mkaguzi anaisoma programu nzima kabla haijaanza kufanya kazi, na akikuta kanuni imevunjwa, anaikataa.

Unadhani ni kuzuia tu namba isitumwe? Hapana. Angalia ujanja huu: "Kama namba ya siri inaanza na 7, tuma neno ndiyo." Namba haijatumwa, lakini siri imetoka! Ukiuliza maswali ya namna hiyo kwa tarakimu zote nne, umeipata yote. Mfumo mzuri wa aina unaukamata mchezo huu pia, kwa kuwa uamuzi uliotegemea siri nao unahesabiwa kuwa siri.

Sasa, nani afanye ukaguzi? Simu ni ndogo. Mwaka 1996 George Necula na Peter Lee wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walipendekeza programu ije na uthibitisho wake. Jaribu kutafuta namba mbili zinazozidishwa kupata 3,599. Utahangaika. Lakini nikikwambia ni 59 na 61, unahakikisha kwa dakika moja. Vivyo hivyo, mtengenezaji ndiye anayehangaika, simu inahakiki tu. Hii inapita sahihi ya kidijitali. Sahihi ni kama muhuri kwenye kibali cha ng'ombe: unajua nani kagonga, hujui kama ng'ombe ni mzima.

Kati ya 2005 na 2009, mradi wa MOBIUS uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya uliunganisha vyuo na taasisi kadhaa, ukiongozwa na INRIA ya Ufaransa, kulifanyia kazi wazo hilo kwenye simu zinazotumia Java. Uthibitisho kamili haujawa jambo la kawaida sokoni, lakini aina zenyewe zimeingia. Google imekuwa ikiandika sehemu mpya za Android kwa lugha ya Rust, ambayo aina zake zinazuia makosa ya kumbukumbu. Kwa hesabu yao, makosa hayo yalikuwa asilimia 76 ya udhaifu wa kiusalama wa Android mwaka 2019. Mwaka 2024 yalishuka hadi 24.

Lakini usijidanganye. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauvunji kanuni yoyote ya aina. Hapo programu iko sawa kabisa, anayedanganywa ni wewe. Na faili lililorushwa WhatsApp linaruka ukaguzi wa duka rasmi, kisha linakuomba ruhusa ya kusoma meseji zako. Ukibonyeza "ruhusu", umefungua mlango mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, jiulize: mkopeshaji anataka meseji zangu za nini?